Neno la Kusindikizia

Jana mlinijia na madaftari yenu, wajukuu wa Zuweina, mkitaka nikusikilizeni sentensi za Kiingereza kabla ya mtihani wa skuli. Mlinisalimu shikamoo, nikaitika marahaba. Mkaniuliza hujambo, nikasema sijambo. Mkazisoma sentensi zenu mbio mbio, mkanibusu mkono, mkashuka ngazi. Mimi nikabaki na neno langu mdomoni. Kwa hiyo leo nimemwita binti wa jirani, nasema naye anaandika, ili mnisome kwa utulivu, maana karatasi haina miguu ya kukimbilia.

Sentensi zenu zilikuwa nzuri. Mlizisoma kama mtu anayevuka makaa ya moto, lakini nzuri. Nilizitambua zote, moja moja. Zile nilizisikia zamani, kabla ya vita vya kwanza vya Mjarumani, zikitoka katika vinywa vya watu waliozaliwa nazo.

Mimi Kiingereza sikukisoma. Nilikisikia. Nilikuwa yaya katika nyumba ya Mwingereza mmoja kule Shangani, msichana wa Ng'ambo ambaye hata saa ya ukutani hakuijua kuisoma. Wenzangu wa jikoni walikuwa wakidaka maneno: sahani, maji ya moto, haraka. Mimi nilisikiliza mwendo. Maneno hubadilika, mwendo ni ule ule. Anatangulia mtu, kinafuata kitendo, kinakuja kitu. Memsabu anataka chai. Bwana amepoteza kofia. Mbwa amekula samaki. Ukishaujua mwendo huo, unamtoa mbwa unamweka paka, na sentensi inakwenda zake bila taabu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza, kwa kumtoa mbwa na kumweka paka, nikimbembeleza mtoto wa watu alale.

Wanapenda sana kila jambo liwe na mwenyewe. Hata mvua hawaiachi inyeshe peke yake. Lazima wamtafute wa kuinyesha, na wakimkosa wanaweka kijineno kidogo mbele kishike nafasi yake. Lakini ngojeni waandike. Bwana alikuwa na tabia ya kumsomea mkewe barua zake za ofisini wakinywa kahawa barazani, nami nikipita na mtoto begani. Humo ndani wenyewe wote walikuwa wametoweka. Mlango uliachwa wazi. Sanduku limevunjwa. Makosa yamefanyika. Nani kaacha, nani kavunja, nani kakosa, hujui. Mtu anayeitafutia mvua mwenyewe, kosa lake halitafutii. Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akaamka.

Na mimi wamenicheka pia, msidhani nilizaliwa mjuzi. Siku moja memsabu alisimama mlangoni akasema, kwa Kiingereza, kwamba anajiuliza kama maji ya kumkogesha mtoto yako tayari. Nikamwona anajiuliza, nikamwacha ajiulize. Nilidhani ni mawazo yake na nafsi yake, si adabu kuyaingilia. Akajiuliza tena, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Mpishi ndiye aliyenisukuma kwa kiwiko. Siku nyingine alisema anaogopa kwamba sukari imekwisha. Nikamshika mkono, nikamwambia asiogope, duka la Banyani liko hapo nyuma. Alinitazama sana. Kumbe kwao kuogopa ni namna tu ya kukuletea habari mbaya, na kujiuliza ni namna ya kukutuma. Yaandikeni hayo katika madaftari yenu, mwalimu wenu huenda hajawahi kutumwa.

Yule mtoto alipokua akapelekwa kwao Ulaya, nami nikakosa kazi. Mjomba wangu Hilali alikuwa mkalimani wa forodhani, mzee mkavu, hacheki, na mji mzima ulimwamini. Nilimwendea anitafutie kazi ya kulea. Akanisikiliza Kiingereza changu, akaniambia kuna mganga wa kike wa Kizungu anatafuta mwanamke wa kufuatana naye majumbani, kwa sababu mabibi wa mjini hawamkubali mkalimani mwanamume aingie ndani. Nikamwambia siwezi, mimi yaya. Akanipa somo moja tu, na mpaka leo sijapata jingine linalolizidi. Alisema, "Usifunge mdomo wa mtu kabla hajasimama. Mzungu humaliza maneno yake amekaa. Sisi hatujamaliza mpaka tufike mlangoni."

Yule mganga hakuwa daktari hasa, alikuwa muuguzi na mkunga, lakini mji mzima ulimwita Bibi Daktari. Mrefu, mwembamba, uso mwekundu, kofia ya majani aliyoifunga kwa utepe chini ya kidevu. Alitembea upesi mno. Mimi na mitalawanda yangu ya mti nilikuwa nikimfuata vichochoroni nikigonga ko, ko, ko, na watu wa Kiponda walijua tumefika kabla hatujapiga hodi.

Kazi ya mwanzo ilinitoa jasho. Bibi Daktari aliuliza kwa mwendo wa kwao. Amekaa tu, buibui langu bado halijanishuka kichwani, naye anauliza: umezaa watoto wangapi, waliokufa ni wangapi? Mwanamke wa kwetu hahesabiwi watoto wake mbele ya mgeni, na waliotangulia hawatajwi kama vikombe vilivyovunjika. Basi mimi nilizunguka. Nilianza na habari za asubuhi, nikaenda habari za wazee, nikapita kwa majirani, nikasema Mwenyezi Mungu amekujaalia nini bibi yangu, naye akanijibu kwa kuzunguka, tukafika. Bibi Daktari kalamu iko hewani. "Zamzam," akaniambia, "nimesema maneno machache, na wewe umesema hotuba." Nikamwambia ndiyo hayo hayo, ila yamepitia barazani.

Nyumba iliyotufunza sote wawili ilikuwa ya Bi Thuwaiba, huko Malindi, mama wa babu yenu. Bi Thuwaiba alikuwa bibi wa Kiarabu wa ule wakati: mguu wake haukukanyaga njia mchana, sauti yake haikupanda, na hakuna aliyepata kumwona hana ukaya kichwani. Siku ya kwanza alitupokea kwa udi na kahawa. Bibi Daktari akauliza, kuna mgonjwa nyumbani? Bi Thuwaiba akasema hakuna, alhamdulillahi, sote salama. Bibi Daktari akafunga mkoba, akasema asante, akashuka. Mimi nilibaki nyuma natafuta mtalawanda wangu mmoja. Bi Thuwaiba akanifuata mpaka penye ngazi, akashika ukuta, akasema taratibu, "Salama, mwanangu. Ila mguu wangu huu, tangu mfungo mosi haunilazi."

Nikamwita Bibi Daktari, akapanda tena. Mguu ulikuwa umevimba tangu gotini. Njiani aliniuliza kwa nini bibi yule amemdanganya. Nikamwambia hakudanganya. Ulimuuliza hali, akakupa salamu. Ugonjwa ni neno la kusindikizia, na wewe hukungoja usindikizwe.

Yule mwanamke alikuwa mwepesi wa kufahamu, sitamnyima haki yake. Hakuniuliza tena. Tangu siku hiyo alijifunza kukaa, akanywa kahawa chungu ingawa ilimkunja uso, akauliza habari za kila mtu mpaka paka. Kiswahili chake kikanyooka. Halafu akazua ujanja wake: alikuwa akisimama kabla hajataka kuondoka. Anasimama, anajinyoosha gauni, anakwenda polepole mpaka ngazini, na hapo maradhi yanaanza kutoka moja baada ya jingine: huyu kifua, yule jicho, mtoto hapati choo. Akishayapata yote, anarudi kukaa na kufungua mkoba. Wenye nyumba waliujua ujanja wake, wakacheka, lakini walimpenda kwa sababu amejisumbua kuujua mlango wa kuingilia.

Na Bi Thuwaiba naye alitaka mchezo. Bibi Daktari akienda kunawa mikono uani, bibi huyo ananivuta ukaya, "Hebu niambie, leo amesemaje?" Nikawa namfundisha mwendo wa Kiingereza. Mtu, kitendo. Mtoto analala. Paka anakuja. Yeye anakula. Akiyarudia, anafunika mdomo kwa upindo wa ukaya kwa kicheko. Siku moja akaniambia, "Lugha yao haina baraza, Zamzam. Mtu anatoka njiani moja kwa moja mpaka chumbani kwako." Sijasikia mwalimu aliyekieleza Kiingereza vizuri kuliko hivyo.

Nilikubaliana naye kwa muda mrefu. Nilidhani sisi ndio tunaofichaficha na wao ndio wanaosema. Mpaka siku ile tarishi alipoleta simu ya maandishi. Bibi Daktari aliisoma amesimama mlangoni kwake, mkoba mkononi. Nikamuuliza kuna nini, akanisomea: mama amekufa Jumapili. Basi. Hakuna salamu, hakuna pole, hakuna Mwenyezi Mungu amependa. Iliandikwa na jirani wa mamake, kwa sababu hapakuwa na ndugu mwingine wa kuiandika. Kwetu habari kama hiyo ungeletewa na watu wazima, wakae nawe, wakuulize umekula, wakuzunguke mpaka uifahamu mwenyewe kabla haijatajwa. Nilimshika mkono, nikamuuliza, je, bibi yangu, u hali gani? Akanijibu kwa Kiingereza, kile kijisentensi mlichonisomea jana mkicheka, kwamba yeye ni mzima kabisa, ahsante. Tukaenda kazini. Siku ile alimfunga mgonjwa mmoja kidonda, akakifungua, akakifunga tena, hajui kwa nini amekifungua.

Ndipo nilipofahamu kwamba Waingereza nao wana salama yao. Ya watu wanayasema yote mbele. Ya moyo wao wanayafunika kwa sentensi fupi, na hakuna wa kuwasindikiza mpaka ngazini. Nilimwonea huruma sana. Ningetaka kumwambia, lakini mimi nilikuwa mtumishi na yeye alikuwa anatembea upesi.

Sasa tuje kwa bibi yenu.

Zuweina aliolewa katika nyumba ile akiwa msichana mdogo, mcheshi, hana mama. Bi Thuwaiba alikuwa mkwewe, lakini mtu asiyejua angedhani amemzaa. Zuweina alipoisogelea siku ya kujifungua, Bi Thuwaiba alikataa Mzungu asizalishe. Mkunga wa nyumba yupo, alisema, amewapokea watu wote wa ukoo huu. Bibi Daktari hakubishana. Aliomba tu ruhusa ya kuja kumjulia hali mzazi na mtoto, akapewa. Mtoto akazaliwa salama, mwanamume, akaadhiniwa sikioni, nyumba ikanukia udi. Huyo mtoto ni baba yenu.

Tulikwenda mara ya kwanza, mzazi yu mzima. Tukaenda mara ya pili, uso wake ulikuwa na weupe, lakini hata kule ngazini Bi Thuwaiba hakusema kitu. Bibi Daktari aliniambia njiani kwamba hakuupenda ule weupe. Nikamwambia kama kuna neno tutalipata, asiwe na pupa. Tukapanga kurudi kesho yake asubuhi.

Tulifika jua limeshapanda. Mlango uko wazi, jambo ambalo halikuwa kawaida ya nyumba ile. Bibi Daktari akapiga hodi, akaanza kupanda, na huku anapanda anaanza salamu zake kwa Kiswahili, moja baada ya moja kama nilivyomfunza. Sabalkheri, Bi Thuwaiba. Umeamkaje? Habari za mzazi? Habari za mtoto? Habari za wote humu ndani?

Bi Thuwaiba alikuwa amesimama juu ya ngazi. Hakuwa na ukaya. Nywele zake nyeupe zilikuwa wazi, na mikono yake ilikuwa na damu mpaka kwenye bangili. Hakuitika sabalkheri. Hakusema salama. Alimtazama Bibi Daktari, akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa Kiingereza.

"Anakufa," alisema. "Njoo."

Mtu, kitendo. Ule ule mwendo niliomfundisha kwa mzaha, katoa kulala, katoa kula, kaweka kufa. Neno lenyewe sikumfundisha mimi. Nadhani alilidaka katika lile swali baya la siku za mwanzo, la watoto waliokufa, akalihifadhi. Yule bibi aliyepita barazani maisha yake yote alivunja kila alichofunzwa na mama yake, kwa maneno mawili, kwa sababu ya mtoto wa watu. Nikizikumbuka zile nywele mpaka leo machozi hunitoka, na binti huyu anayeniandikia ananitazama hajui afanye nini.

Bibi Daktari alivua kofia, akaiacha pale pale kwenye ngazi, akaingia. Zuweina alikuwa amelala, midomo imepauka, godoro limelowa. Kipande cha kondo kilikuwa kimebaki tumboni tangu siku ya uzazi, na sasa damu imefunguka. Nisikuelezeni yote, nyinyi wadogo. Nikuambieni tu kwamba siku ile nami nilitafsiri kwa mwendo wao. Maji. Vitambaa. Shika hapa. Inua miguu. Bonyeza. Nilimwamrisha Bi Thuwaiba kama yeye ndiye mtumishi, bila bibi yangu hata moja, naye akatenda kila nililomwambia. Hakuna aliyenuna. Mara nyingi tulidhani ameshakwenda. Adhuhuri ilipoadhiniwa damu ilikuwa imesimama, na Zuweina akauliza kwa sauti ndogo kama mtoto ameshanyonya.

Alichukua muda kupata nguvu, lakini alizipata. Mwenyezi Mungu amrehemu, aliishi akazaa wengine, akawalea na nyinyi, akawazika wengi waliomlilia siku ile.

Lakini hamjasikia lililofuata. Zuweina alipoanza kusimama, Bi Thuwaiba akafanya jambo ambalo hakupata kulifanya. Alijifunika shiraa, akatoka nje baada ya alasiri na vijakazi wake, akaja mpaka nyumbani kwa Bibi Daktari na sinia la halua. Akaketi. Akasema, "Bibi, siku ile ulinisalimu na miye sikukujibu. Nimekuja kukujibu salamu zako." Akazijibu zote. Sabalkheri, nimeamka salama. Mzazi hajambo. Mtoto hajambo. Wote humu ndani hawajambo. Bibi Daktari alikuwa amekaa wima mbele yake, akiitikia kila moja kwa kichwa, na uso wake mwekundu umezidi wekundu. Mimi sikuwa na la kutafsiri.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine kadhaa. Kisha akaambiwa na wakubwa wake kwamba muda wake umekwisha, arudi kwao apumzike. Siku ya kuaga alitaka nyumba ya Bi Thuwaiba iwe ya mwisho. Tukaenda. Kahawa, udi, baba yenu anakimbia chumbani na fimbo ya babu yake. Habari za safari? Njema. Habari za jahazi la moshi? Njema. Habari za nyumbani Ulaya? Salama, alhamdulillahi. Aliitika zote bila kukosea, kwa Kiunguja safi. Halafu akasimama, akajinyoosha gauni. Bi Thuwaiba akamsindikiza, na Zuweina, na mimi nyuma.

Penye ngazi akasita. Akaweka mkono ukutani, pale pale Bi Thuwaiba alipouweka siku ya mguu.

"Salama, Bi Thuwaiba," alisema. "Ila kule sina mtu."

Miaka yote ile sikupata kumsikia akisema neno la moyo wake. Alilichukua mpaka mahali petu pa kulisemea, akalisema kwa mwendo wetu, na alijua kwamba hapo kuna wa kulisikia.  Bi Thuwaiba akamjibu kwa Kiingereza, neno moja, lile la kuamrisha watoto.

"Keti."

Bibi Daktari akaketi juu ya kidato cha ngazi, na gauni lake na kofia yake, na bibi yule wa Kiarabu akaketi naye, bega kwa bega, hata magharibi. Walizungumza nini sikuwatafsiria. Meli yake iling'oa nanga kesho yake, kwa sababu meli haina baraza, nayo.

Basi nyinyi, wajukuu wa Zuweina, someni sentensi zenu. Zisomeni sana. Mtu mbele, kitendo, kitu. Siku moja mwendo huo utakufaeni kuita mtu haraka pale pasipo na nafasi ya salamu. Lakini mkija kwangu Ijumaa msishuke mbio kama jana. Mtaniuliza hujambo, nami nitasema sijambo, kwa sababu ndivyo inavyojibiwa. Mkishamaliza, simameni, mwende taratibu. Ningojeni nivae ukaya wangu, nitakusindikizeni mpaka penye ngazi. Siku hizi nachelewa kufika.